Bibi Harusi Aliyebaki Khamma

Khamma, kisiwa cha Pantelleria, Italia
24 Februari 1957

Mume wangu Nardo,

Nimeliandika neno hilo kisha nikaliangalia kwa muda, maana sijawahi kumwita mtu hivyo. Tumeoana Jumamosi. Kwa kuwa wewe uko ng'ambo, ndugu yako Bartolo alisimama mahali pako mbele ya Padri, amevaa koti lako jeusi, na lilimbana mabegani hata akawa anapumua kwa shida. Padri alipouliza kama Leonardo Casano anakubali kunioa, Bartolo alijibu "Anakubali!" kwa sauti iliyotikisa mishumaa. Mama yako akamwambia pale pale, "Umeulizwa na Padri, hukuulizwa na kiziwi." Kanisa zima likacheka, nami nikacheka ndani ya shela.

Alinivisha pete kwa haraka, akarudisha mkono kama aliyegusa jungu la moto. Baadaye tulikula kuskusi ya samaki kwa mama yako. Upepo ulikuwa mkali, hatukuweza kuweka meza nje, basi wageni walibanana ndani wakila kwa zamu. Nimeshahamia hapa. Nalala chumba chako, chini ya kuba, na mvua ikinyesha nasikia maji yakiteremka kutoka paani kwenda kwenye birika la akiba chini ya nyumba.

Najua hatujazungumza sana mimi na wewe. Nakumbuka siku uliyonisaidia kumpakia punda magunia ya kapari, yale matumba ya maua tunayotia chumvi, ukaniambia macho yangu mekundu kama ya sungura. Nilikasirika wiki nzima. Sasa mwenye maneno hayo ndiye mume wangu, itabidi nisamehe.

Karatasi zangu za safari zimekwenda mjini Trapani, kwenye ofisi ya wahamiaji. Wanasema nitaitwa mwezi wa sita kuonana na daktari wa wahamiaji, kisha meli.

Mkeo,
Agostina

*

Merbein, karibu na Mildura
28 Aprili 1957

Mke wangu Agostina,

Barua yako imefika nikiwa nimetoka shambani, nikaisoma nimesimama, na mikono michafu. Nilicheka hadi wenzangu wakaniuliza kuna nini. Mwambie Bartolo koti ni lake sasa, alilichuma kwa jasho.

Hutaamini, huku upande wa pili wa dunia wanapanda zabibu zetu zile zile. Zibibo, ladha ile ile, ila jina lingine. Lakini mzabibu wenyewe hungeutambua. Sisi tunauchimbia shimo na kuulaza chini, upepo upite juu yake usiuone. Hawa wanaunyoosha juu ya waya hadi ukampita mtu kichwa, na maji yanakuja kwa mfereji kutoka mtoni, yanafunguliwa na kufungwa kama unavyofungua mlango. Siku yangu ya kwanza nilipiga magoti kulichimbia shina shimo, kama nilivyofundishwa na baba. Msimamizi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Kuna jambo moja lazima nikwambie. Hapa hakuna upepo. Jioni majani hayatikisiki kabisa. Mwanzoni nilifurahi, sasa kimya hicho kinanikosesha raha, ninajikuta nikisimama mlangoni kusikiliza kitu ambacho hakiji.

Nimepata chumba cha mbao na bati. Nimepaka kuta rangi nyeupe. Njoo. Nimechoka kula na wanaume.

Na kuhusu sungura, nilikuwa natafuta neno la kusema nikakosa la maana. Wenye akili husema "una macho mazuri." Mimi nikasema hilo.

Mumeo,
Nardo

*

Khamma
15 Septemba 1957

Mume wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Kulikuwa na kapari, kisha mavuno, na mama yako aliteleza kwenye ngazi ya paani akaumia nyonga. Anatembea, lakini kwa kushika ukuta, na ulimi wake umekuwa mkali maradufu ili kufidia miguu. Siwezi kumwacha hivi. Nimeomba safari yangu isogezwe mbele.

Zabibu tulizianika vizuri. Ulikuwa hujawahi kuniona nikianika, kwa hiyo nakujulisha kwamba mama yako, ambaye hasifu mtu, alinitazama nikizigeuza akasema, "Haya, angalau hatukuoa mvivu." Bartolo alisema hiyo ni sifa kubwa kuliko aliyowahi kupata yeye tangu azaliwe.

Unaniambia hakuna upepo huko. Huku umevuma mwezi mzima. Ukuta wa juu wa shamba la Ghirlanda umebomoka, Bartolo anaupanga upya jiwe kwa jiwe, na kila akipanga anamtukana babu yenu aliyeujenga.

Nitakuja. Usifikiri sitaki kuja.

Mkeo,
Agostina

*

Merbein
12 Januari 1958

Agostina,

Nilikutarajia Krismasi. Nilikuwa nimewaambia watu. Mke wa jirani alipika keki ikaliwa na wengine.

Mama ana Bartolo, ana dada zake, ana Khamma nzima. Mimi nina nani? Ulisema mwezi wa sita, sasa unasema mavuno, unasema nyonga. Niambie tarehe tu, nami nitanyamaza.

Januari huku ni kiangazi na joto limezidi, tunaanza kuchuma alfajiri. Kuna mwanamke kutoka Yugoslavia, Zdenka, mjane, anayetupikia wachumaji. Yeye pia ametoka kisiwani, pwani ya kwao. Alinisikia nikilalamika juu ya kimya cha jioni, akasema na yeye hulala vibaya kwa sababu hiyo. Ni mtu wa kwanza huku aliyenielewa bila mimi kurudia.

Niandikie tarehe.

Nardo

*

Khamma
20 Machi 1958

Mume wangu Nardo,

Sina tarehe. Wamesema karatasi zangu bado. Bartolo amekwenda Trapani kuuliza, akarudi bila jibu la maana.

Mlozi umechanua mapema mwaka huu na baridi haijaisha, mama yako anasema ni ishara mbaya, lakini kwake kila kitu ni ishara mbaya mpaka kithibitike vinginevyo. Birika halijajaa. Mvua imekuwa ya kuloanisha vumbi tu. Tunafulia maji tuliyooshea mboga, kisha tunayamwaga kwenye mchungwa ulio ndani ya uzio wa mawe, ule aliouzungushia baba yako ukuta mrefu kuliko mtu ili upepo usiunyonge. Umebeba machungwa machache. Nilikula moja nikakuwaza.

Nimefurahi kwamba umepata mtu wa kukupikia vizuri.

Mkeo,
Agostina

*

Merbein
6 Julai 1958

Agostina,

Gaspare Errera wa kule kwetu Mueggen amewasili hapa wiki iliyopita. Tulikaa naye kunywa, tukamuuliza habari za nyumbani, nani amekufa, nani ameoa. Kisha akaniambia, bila ubaya, "Mkeo anacheza mazurka vizuri." Nikamuuliza alimwona wapi. Akasema kwenye ukumbi wa Khamma, wakati wa Kanivali. Nikamuuliza alicheza na nani. Akasema, "Na mumewe wa kanisani."

Meza nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanya nini?

Kumbe mama ana nyonga mbovu, karatasi bado, lakini miguu ya kucheza ipo. Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa habari za mlozi wala birika: siku ile kanisani, ni nani aliyeoa? Mimi au Bartolo? Kama ni yeye, basi msinichekeshe kwa barua. Mngoje mama afe, kisha mwishi mtakavyo.

Sitaandika tena mpaka nipate jibu.

Leonardo Casano

*

Khamma
19 Oktoba 1958

Kaka Nardo,

Umenitukana ukiwa mahali ambapo kofi langu haliwezi kufika, kwa hiyo nakuandikia. Agostina hajui kwamba naandika. Alinikataza tangu mwaka jana nikanyamaza, na sasa naona kunyamaza kwangu kumemponza.

Mkeo aliitwa Trapani mwezi wa sita mwaka jana, kama alivyokuahidi. Nilimpeleka mimi. Alikuwa ameshona gauni la safari. Daktari wa wahamiaji akamgeuza kope, akachungulia, akamwambia karani wake, "Huyu hasafiri." Hata hakumwambia yeye mwenyewe. Agostina akauliza arudi lini. Akajibiwa, macho yakipona. Akauliza yatapona lini. Daktari akamwita aliyefuata kwenye foleni.

Ni vikope, kaka. Ugonjwa ule uliompofusha shangazi yetu Rosolina. Vumbi, upepo na maji haba, unajua mwenyewe tunavyonawa huku. Uliona macho yake mekundu ukafanya utani, na yeye aliubeba utani huo hadi kwenye meli ya kurudi. Aliniambia, "Nardo atasema alioa sungura, na sungura kipofu." Akaniapisha nisiseme. Nyonga ya Mama ilipona ndani ya wiki mbili. Iliyobaki ni uongo wa aibu, si wa uovu.

Tangu siku hiyo kila Jumatatu anakwenda mjini kwa mganga wa serikali, anageuzwa kope na kusuguliwa ndani yake kwa jiwe la dawa la buluu. Nimewahi kumshika mabega. Hapigi kelele, ila miguu yake inachimba sakafu. Alirudi Trapani mara ya pili Februari. Jibu lile lile.

Sasa mazurka. Watu walianza kunong'ona kwamba alikataliwa, na kwamba ukimgusa utapofuka. Jamaa zake wakawa hawashiki taulo aliloshika. Mama akaja juu. Alimvalisha hereni zake mwenyewe, akatupeleka ukumbini wote wawili, akaketi kitini katikati ya wamama na kuniamuru, "Mchezeshe mke wa kaka yako mbele ya hawa, wauone mkono wako mkononi mwake, kisha urudi uketi." Nikamchezesha mazurka moja. Nikarudi nikaketi. Hiyo ndiyo harusi yangu unayoiuliza.

Mwezi wa tano siroko ilivuma siku nyingi mfululizo kutoka upande wa Afrika, na mchanga, ikakausha maua ya mizabibu yote. Hata ile iliyolala mashimoni iliungua kama iliyomwagiwa maji ya moto. Hatukuanika chochote mwaka huu. Uwanda wa kuanikia tumeuacha mtupu, kuku wanatembea. Kwa hiyo mimi naondoka wiki ijayo kwenda Ubelgiji, kwenye migodi ya makaa. Babu alitoboa mwamba wa kisiwa hiki apande mizabibu, na mimi nakwenda kutoboa mwamba wa watu nisipande kitu.

Wanabaki wanawake wawili. Mwandikie mkeo. Mwombe radhi.

Ndugu yako,
Bartolo

*

Khamma
26 Desemba 1958

Mume wangu Nardo,

Bartolo aliniambia bandarini kwamba amekuandikia. Nilimkasirikia mpaka meli ilipong'oa nanga, kisha nikatamani ningekuwa nimemuaga vizuri.

Basi umeshajua. Ni nafuu kidogo. Ningekwambia mwenyewe, lakini kila nilipoanza barua nilikuona ukiisoma mbele ya wenzako.

Mganga anasema jicho la kushoto limepata ukungu, la kulia bado zuri. Kope zimeanza kujikunja ndani, kwa hiyo ananing'oa nywele za kope kwa koleo dogo zisinichome. Mwezi wa nne kuna tume nyingine Trapani. Nitajaribu tena. Mama yako anasema nikiulizwa nitazame chini kwa adabu, huenda wasione. Nilimwambia wanageuza kope, Mama. Akasema, "Hao watu hawana haya."

Sikasiriki kwa yale uliyoandika. Mtu aliyeko mbali hujazia mwenyewe asichokiona. Niandikie neno moja tu, hata kama ni la kawaida.

Mkeo,
Agostina

*

Merbein
9 Agosti 1959

Agostina,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Hukustahili kunyamaziwa hivi. Nilipata barua ya Bartolo, na yako ya Krismasi, na ile ya Mei uliyosema wamekukataa mara ya tatu.

Barua ya Bartolo ilinikuta nimekwisha kuhamia kwa Zdenka. Nilikwenda kwake Julai ile ile, siku chache baada ya Gaspare kuleta maneno yake. Nilikwenda kwa hasira. Sitasema hasira ndiyo iliyonifanya nibaki. Bartolo alipoandika, Zdenka alikuwa mjamzito.

Mtoto alizaliwa Aprili. Ni msichana. Nilimpa jina la Mama kama ilivyo desturi yetu, mzaliwa wa kwanza hubeba jina la bibi yake. Anaitwa Brigida Casano ndani ya nyumba, lakini kwenye vitabu vya serikali hana Casano, kwa sababu mimi ni mume wa mtu.

Nilimwendea padri wa hapa, Mwitalia. Nchi yetu haina talaka, unajua. Lakini anasema ndoa ambayo mume na mke hawajawahi kulala pamoja, Roma inaweza kuifungua. Wewe ndiye utakayeomba kwa askofu, au mimi, lakini lazima ukubali, na mashahidi waseme. Ungekuwa huru. Ungeweza kuolewa na mtu aliye karibu nawe.

Najua ninachokuomba. Nakuomba.

Nardo

*

Khamma
2 Machi 1960

Nardo,

Nilichukua muda kwa sababu nilitaka kujibu bila kulia, machozi yananichoma vibaya siku hizi.

Nilikwenda kwa Padri. Hakunificha kitu. Alisema ni kweli, njia ipo, ila ni ndefu. Wakunga wawili wanikague na kuapa. Majirani waitwe waseme kwamba sijawahi kukaa nawe. Mama yako aitwe naye, aambiwe kwa nini mwanawe anataka kufunguliwa. Nikamuuliza, "Na nikishafunguliwa, Padri, nakuwa nani?" Akasema, "Unakuwa binti wa baba yako tena." Baba yangu amekufa, nyumba ni ya kaka yangu, na mke wa kaka yangu ndiye wa kwanza aliyekataa taulo langu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama yako anamenya maharage. Akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nikasema kuungama. Akasema, "Wewe? Una dhambi gani wewe, umelala ukaota umekula nyama Ijumaa?" Nikaketi tukamenya pamoja. Nardo, hapo nilipoketi ndipo mahali pekee duniani ambapo mtu ananisogezea kiti kabla sijajigonga nacho. Napata mahali hapo kwa sababu ni mke wako. Sina sababu nyingine.

Kwa hiyo nakataa. Najua mtoto wako atakua bila jina kwa ajili yangu. Nimelifikiria sana, nikatafuta ndani yangu mtu mwema zaidi ya huyu, sikumpata. Kuolewa na aliye karibu, unasema. Nani anaoa mwanamke anayepapasa ukuta? Jicho la kushoto limezimika kabisa. La kulia linaona kama kupitia maziwa.

Mwaka jana hakukunyesha, na mwaka huu upepo umeanza kabla ya wakati. Mashamba ya Ghirlanda tumeyaacha. Kuta zinaporomoka na hakuna wa kuzipanga. Bartolo anasema kifua chake kimeanza kubana kwa vumbi la makaa, hawezi kurudi na hawezi kukaa.

Sikuombi urudi. Ninaomba jambo moja. Mama yako anauliza habari zako kila meli inapokuja. Mwandikie, walau mara moja kwa mwaka. Usimtaje Zdenka, usimtaje mtoto. Asife akijua ana mjukuu mwenye jina lake ambaye hatamwona. Na katika barua hiyo nisalimie, kama mume anavyomsalimia mkewe. Mimi ndiye nimsomeaye. Andika kwa herufi kubwa.

Agostina

*

Merbein
5 Juni 1960

Mama mpendwa,

Ni mimi mwanao Nardo. Nisamehe kwa kukaa kimya, kazi ni nyingi. Mimi ni mzima. Mavuno ya huku yalikuwa mazuri, na kila ninapoonja zabibu nasema, za Mama ni tamu zaidi.

Nasikia nyonga yako ni nzima na ulimi wako pia. Nimefurahi kwa vyote viwili.

Msalimie sana mke wangu Agostina. Mwambie namkumbuka kila siku. Mwambie macho yake yakipona tu nitafanya mipango ya meli, na kwamba nina mke mwema, Khamma nzima haina wa kulingana naye. Mshike vizuri, Mama, mpaka siku hiyo.

Mwanao akupendaye,
Nardo

*

Khamma
17 Julai 1960

Nardo,

Barua imefika. Niliiweka karibu sana na uso na niliweza kuisoma yote.

Mama yako alitaka niirudie sehemu inayonitaja mimi. Nikairudia. Kisha akaita dada zake kutoka ng'ambo ya uzio, wakaketi mlangoni, nikairudia tena mbele yao, kwa sauti, kama Padri anavyosoma. Mmoja akafuta machozi.

Mama akanishika mkono akasema, "Unaona? Nilikwambia. Hajakusahau."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Imetosha kwa mwaka huu.

Agostina